Wewe mgeni kazini, uliza tu

Ndugu yangu, umesema una wiki chache kwenye kazi mpya na kila ukitaka kumuuliza mwenzako unaogopa kuonekana hujui kitu. Lakini hilo wanalijua tayari, ndiyo maana wakakupangia mtu wa kukuelekeza. Anayewatia wasiwasi ni mgeni anayekaa kimya, kisha kosa lake linaibuka mwisho wa mwezi wakati wa kufunga hesabu.

Mara nyingi kinachowachosha watu ni namna swali linavyoulizwa. Ukisema "sielewi hii ripoti", umemwachia mwenzako kazi yote. Jaribu hivi: "Nimejaza mpaka sehemu ya marejesho, nikaangalia na ya mwezi uliopita, ila sijajua kiasi hiki kiingie kabla ya kodi au baada. Nadhani ni kabla, niko sawa?" Hapo atakujibu kwa neno moja na kuendelea na shughuli zake, tena ataona ulihangaika kwanza. Ila usihangaike kutwa nzima! Nusu saa ikipita hujasogea, nenda. Madogo yasiyozuia kazi yaandike uyaulize kwa pamoja. Linalogusa pesa, usalama au mteja aliyesimama mbele yako halisubiri, hata kama bosi amenuna.

Ukielekezwa, andika palepale. Kuulizwa kitu kilekile mara ya tatu kunaudhi kweli, na hapo mimi sikutetei. Na kama huyo uliyepangiwa ni mkali kupita kiasi, mfuate aliyeajiriwa muda mfupi kabla yako. Bado anakumbuka yaliyomtatiza.