Re: Nahesabu vipi antibayotiki zinazoandikwa zahanatini?

Salama mkuu. Nimekuelewa: wilayani wanataka kujua ni wagonjwa wangapi wanaandikiwa antibayotiki, umejumlisha makopo yaliyotoka stoo, na namba hazieleweki.

Leja ya stoo weka kando. Inakuambia dawa iliyotoka, haikuambii nani kaandikiwa nini. Fungua rejesta ya OPD (wagonjwa wa nje), kitabu namba 5 cha MTUHA, ule mfumo wa taarifa za huduma za afya. Kwa vigezo vya WHO na INRUD (mtandao wa kimataifa wa matumizi sahihi ya dawa) vya 1993, kituo kimoja kinatosha kupimwa kwa mahudhurio 100, ila yatawanye mwaka mzima. Ukichukua mwezi wa mafua peke yake umejidanganya.

Kila mstari andika: dawa ngapi, antibayotiki ipo au haipo, sindano ipo au haipo (chanjo usihesabu). Hapa ndipo wengi wanateleza: asilimia ya antibayotiki inagawanywa kwa wagonjwa, si kwa dawa. Mama aliyepewa amoksilini na metronidazo ni mmoja tu. Na hiyo metronidazo, kubalianeni kabla ya kuanza kama mnaihesabu kuwa antibayotiki, la sivyo mwakani hamtaweza kulinganisha.

Asilimia pekee haimshtui mtu. Chambua mafua na watoto wa kuhara. Ukikuta "kuhara, metronidazo" bila ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) wala zinki, umepata pa kuanzia. Kwetu bango la mwongozo ukutani halikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kila mwandikaji kuonyeshwa namba zake, faragha, bila kufokewa.

Kama mnatumia mfumo wa kompyuta, hapo sina uzoefu, wengine waje.