Ile hela, kidole kisichosoma na jirani wa saa nne usiku

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua nyingi mlizoniletea ni za wizi, utapeli na kushukiana. Nyingine nimecheka mpaka mjukuu akaja kuuliza bibi kulikoni, nyingine nimemaliza kusoma nikakaa kimya. Nimechagua tatu na majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili naishi Tandika nauza mitumba ya watoto. Mwezi uliopita tarehe 29 ikaingia meseji inasema "ile hela nitumie kwenye namba hii, ile nyingine ina shida", alafu wakaandika na jina litakalotokea, la kike, mi nikajua ni mke wa mwenye nyumba au binti yake maana kodi ilikuwa imefika kweli na yule baba si mtu wa kumpigia pigia simu, anagomba. Nikatuma laki mbili na arobaini ya miezi mitatu, nikaandika shikamoo baba nimetuma kodi, nikajibiwa marahaba mwanangu Mungu akuzidishie. Siku nne baadae mwenye nyumba huyo mlangoni, mama kodi vipi. Nikamwambia baba si ulinijibu Mungu akuzidishie, akasema mimi? Tukabaki tunaangaliana pale mlangoni kama wote tumeona jini. Nimekopa kikoba nikalipa, mume wangu sijamwambia. Watu wanasema anayetapeliwa ni mjinga. Shangazi mimi ni mjinga?

JIBU: Marahaba mwanangu na pole sana, laki mbili na arobaini ya kuuza mitumba ni mabelo mangapi umeinamia na jua lote lile. Mjinga wewe sio, na huyo anayekuambia hivyo akae na hiyo meseji yako aisome taratibu kama nilivyoisoma mimi.

Angalia neno la kwanza, "ile". Mswahili akikuambia ile hela maana yake ni hela ambayo mimi na wewe tunaijua tayari, hakuna haja ya kutajana. Sasa tapeli hajui hela yoyote, meseji hiyo hiyo ameituma kwa watu kibao wasiohesabika, ila kila aliyeipata kichwa chake kimeenda chenyewe kutafuta ni ipi. Wewe ilikuwa kodi, mwingine ni ada ya mtoto, mwingine deni la saruji, mwingine mchango wa harusi ya shemeji. Na wanatuma mwisho wa mwezi makusudi, kila mtu mjini hapa tarehe 29 ana "ile hela" yake.

Alafu jina. Ukituma pesa simu inakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujaweka namba ya siri, hiyo imewekwa ili ukiona jina geni usimame. Tapeli ameshakutajia jina kabla hujaliona, kwa hiyo lilipotokea ukasema ndo lenyewe, ukatulia kabisa. Kitu kilichowekwa kukulinda yeye amekigeuza shahidi wake. Na aliyemwambia kwamba ni baba na kwamba ni kodi ni wewe mwenyewe kwa shikamoo yako, yeye akaitikia tu kama mzee mstaarabu. Mwanangu, ulichoibiwa nacho ni adabu, huyu mtu amesoma tulivyolelewa, kwamba mkubwa hapigiwi simu kuulizwa "hivi ni wewe kweli?".

Sasa sikiliza, na wengine mnaosoma sikilizeni hapa. Ukigundua umetuma kwa tapeli usikae ukilia, piga 100 huduma kwa wateja wa mtandao wako pale pale, kama hela haijatolewa wanaweza kuizuia, na hawa jamaa wanaitoa haraka kweli kweli kwa hiyo kila dakika ina maana. Kisha nenda polisi ufungue jalada upewe RB, yaani namba ya taarifa yako. Namba ya tapeli iripoti kwa meseji kwenda 15040, ndo namba iliyowekwa kwa kazi hiyo. Hata siku zikipita ripoti, kuna mama mwingine namba hiyo hiyo inamsubiri mwisho wa mwezi huu.

Na mwenye nyumba mpigie. Agombe. Kugombezwa ni bure, na akibadilisha namba mwambie aje aseme mwenyewe kwa mdomo.

La mumeo, mwambie leo usiku watoto wakilala. Deni la kikoba lina riba, litakuja kujisema lenyewe siku mbaya zaidi. Hawa matapeli wanategemea sana aibu yetu, ukinyamaza wewe na jirani yako naye akanyamaza, kila mmoja anadhani katapeliwa peke yake.

SWALI: Shangazi shikamoo, mi ni dereva boda hapa Mwanza. Wiki iliyopita nimepigiwa simu niripoti kituoni, kufika naambiwa kuna namba imetapeli mtu mkoani huko na imesajiliwa kwa jina langu. Namba siijui! Wananisomea jina langu, namba yangu ya NIDA, mwaka wa kuzaliwa, vyote vyangu, jasho likanitoka mpaka askari akanipa kiti. Nimetoka kwa dhamana ya baba mdogo. Nimekumbuka mwaka juzi nilisajili laini stendi chini ya mwavuli, yule dada akawa anasema kidole hakisomi weka tena, nikaweka mara nne nikajua ni oili ya pikipiki. Shangazi ndo pale?

JIBU: Marahaba baba. Inawezekana kabisa ndo pale, ingawa kidole chenye oili kweli mashine inakikataa, na mafundi na wakulima wenye sugu wanalijua hilo.

Usajili wa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Nia ilikuwa kila namba iwe na mtu wake ili ikiiba tujue tumshike nani. Nia nzuri. Ila tapeli naye akaona basi anachohitaji ni kidole cha mtu mwingine, na wewe umesimama pale na haraka zako, abiria anakusubiri, unabonyeza unapoambiwa. Kidole cha kwanza kinasajili laini yako, cha pili unachoambiwa hakijasoma kinaweza kuwa kimesajili ya mtu usiyemjua, inauzwa kimya kimya, na siku ikiiba jina linalotokea ni lako. Yule mama wa Tandika hapo juu aliona jina la mwanamke kwenye simu yake, mi nimewaza sana kama huyo mwanamke naye hayuko mahali anauza mboga zake hajui kitu.

Bonyeza *106# saa hizi, fuata maelekezo, utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua nenda duka lenyewe la mtandao husika, mwavuli tuuache kwanza, waambie waifute na upate uthibitisho. Huo uthibitisho na nakala yake mpe mpelelezi wa jalada lako, na mweleze siku ile ya stendi kama ulivyonieleza mimi, mpaka yule dada alivyovaa kama unakumbuka. Kuripoti usiache hata siku moja, mtu mwenye dhamana akikosa kufika anaonekana mwizi hata kama ni malaika.

Kuanzia leo ukiambiwa kidole hakisomi, geuza mashine uangalie kioo kimeandika nini. Muulize, "hapa nasajili namba ipi?" Akikasirika ondoka.

SWALI: Habari za kazi dada yangu. Naandika kwa niaba ya wakina baba wa mtaa wetu, Kimara huku juu. Tuna jirani mpya kijana, yuko peke yake, tangu ahamie ana miezi miwili. Anatoka saa nne usiku na begi jeusi, anarudi alfajiri na begi limejaa. Mchana mapazia yamefungwa. Salamu anaitikia akiwa anatembea. Usiku mmoja tulisikia chuma kinagongwa ndani. Tumefungua grupu la ulinzi la WhatsApp, yeye hatujamuweka, kila akitoka tunaandikiana. Mzee mmoja alipanda mwembe achungulie dirishani akateleza, saivi ana bandeji mguuni na kijana mwenyewe ndo alimsaidia kumbeba mpaka kwake! Wengine wanasema hiyo ni janja ya jambazi. Kuna wanaotaka tuvamie usiku tumshike na begi. Wewe unaonaje?

JIBU: Naona msivamie. Naomba uwasomee wenzio hii barua yote leo leo.

Picha ya mzee kaanguka mwembeni alafu mtuhumiwa ndo kambeba mgongoni nimecheka, sikatai. Ila kaka yangu, huyo kijana alikuwa na njia ya kupita, angeweza kujifanya hajaona. Na hamna hata mmoja aliyemuuliza unafanya kazi gani? Dar es Salaam hii nani analala usiku wote? Kuna manesi wa zamu, walinzi, wanaokanda mikate ya asubuhi, vijana wa Feri wanaowahi samaki, wapakuaji wa malori ya nyanya, madereva, wapishi wa hoteli. Mtu aliyefanya kazi usiku mchana anafunga pazia kwa sababu analala. Salamu anaitikia akitembea kwa sababu gari linamuacha. Chuma kinachogongwa nadhani hata kwako kipo, kila nyumba ina kitanda cha kufunga nati.

Nitawakumbusha kitu kizito kidogo. Tarehe 1 Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, walifika watafiti wawili kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao. Kazi yao ilikuwa kuchukua sampuli za udongo. Watu wageni, gari geni, wanachimba wanaweka kwenye mifuko. Ikapigwa yowe kwamba ni wanyonya damu, mumiani, neno ambalo bibi zetu walilitumia tangu enzi za mkoloni hata wakawaogopa wazimamoto na magari yao mekundu. Watu wale watatu waliuawa, wakachomwa moto, na gari lao likachomwa. Kwa udongo, kaka yangu. Udongo wa kupimwa ili mkulima wa pale pale avune vizuri.

Na huko Shinyanga, Mwanza na Geita bibi wangapi wamekatwa mapanga wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho ya mtu aliyepulizia kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha maisha yake yote akilisha watoto wa watu. Ule wekundu ulikuwa moshi, na kila aliyewahi kuingia jikoni kwa bibi yake anaujua ule moshi.

Magazeti yanapenda kuandika "ameuawa na wananchi wenye hasira kali". Mimi hayo maneno yananiumiza kila nikiyaona. Hao wananchi wana majina, ni baba fulani na mama fulani, na asubuhi yake wanaenda kununua chapati kama kawaida.

Grupu lenu la ulinzi ni jambo zuri, ulinzi shirikishi unatambulika, ila liwe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na polisi kata ndani yake, na huyo kijana naye awekwe, ni mkazi na atachangia hela ya taa kama nyie. Mwenyekiti anaweza kumwita ofisini mchana kweupe, amuulize katokea wapi, anafanya kazi wapi, mwenye nyumba wake anamjua vipi. Mkiona kitu chenye uzito, mfano vitu vilivyoibiwa mtaani vimeonekana kwake, au silaha, hapo mnapiga 112 na mnakaa mbali. Begi jeusi halina uzito huo.

Ila kabla ya mwenyekiti, aende mtu mmoja. Napendekeza yule mzee wa mwembe, ana sababu nzuri ya kwenda kushukuru kubebwa. Achukue sahani ya vitumbua, mke wake ataijua namna ya kuifunika, aende saa kumi jioni kijana akiwa ameamka, agonge hodi, akae, amuulize kwao wapi. Kisha mniandikie alichowaambia, na mguu wa mzee unaendeleaje.