Jibu: Picha za tingatinga, Sabasaba au Zanzibar?

Mdogo wangu, umeuliza picha zako za kuchora za mtindo wa tingatinga uzipeleke maonyesho ya biashara ya Sabasaba, Dar es Salaam, au usubiri tamasha la muziki la Sauti za Busara, Zanzibar, mwezi wa Februari. Nimeuza kote kuwili. Sabasaba watu ni wengi mno, lakini wengi wamekuja kutafuta masufuria na magodoro ya bei ya maonyesho. Watasimama, watapiga picha na chui wako, halafu "tutarudi". Mwaka wangu wa kwanza nilibeba picha nane kubwa, nikarudi nazo zote nane. Kilichouzika ni vipande vidogo vya kiganja.

Kule Zanzibar, karibu na Ngome Kongwe, mgeni ananunua, ila anawaza begi lake la ndege. Chora kwenye kitambaa kinachokunjika, achana na hadibodi. Na rangi ya kopo ipe siku za kutosha ikauke! Mimi niliikunja mbichi. Twiga akahamia mgongoni mwa tembo. Mteja alicheka, hakununua.

Meza ya kukodi lipia kwa risiti. Kuna mratibu mmoja alichukua hela yangu taslimu, asubuhi nikakuta nafasi yangu inauzwa mishikaki.