Mkojo wa mbwa kwenye kona ya baraza: maana yake na namna ya kuuondoa

Mbwa dume akitoka asubuhi hana mnazi anaoupita bure. Ataunusa, atainua mguu, atatia matone mawili matatu, kisha aende kwenye nguzo ya umeme, kutoka hapo kona ya baraza ya jirani, na akikuta pikipiki imeegeshwa atamalizia gurudumu. Wengi husema anaweka mpaka wa eneo lake. Ni nusu ya kweli. Mkojo haumzuii mbwa mwengine kupita, na alama nyingi huwekwa pale wenziwe walipokwishaweka zao. Ni tangazo kuliko ukuta.

Katika tangazo hilo mna habari za jinsia, hali ya mwili, kama jike yuko kwenye joto, na kama alama ni ya leo au ya juzi. Mbwa huzisoma kwa pua na pia kwa kiungo kidogo kilichopo juu ya kaakaa, nyuma ya meno ya mbele. Ndiyo maana utamwona dume akilamba mkojo wa jike huku akigonganisha meno. Anapenda kitu kilichosimama kwa sababu harufu hukaa usawa wa pua ya mwenziwe. Gurudumu nalo limekuja na harufu za mitaa mengine, kwa hiyo linataka jibu. Majike pia hutia alama, hasa siku zinazokaribia joto, ingawa lawama zote huwaendea madume.

Kinyesi hufanya kazi hiyo hiyo. Pembeni mwa njia ya haja kubwa mna vifuko viwili vinavyotoa majimaji yenye harufu kali. Na mbwa anayeparura mchanga baada ya kumaliza hafukii kama paka: nyayo zake zina tezi, zinaacha harufu, na mikwaruzo yenyewe huonekana.

Kabla ya kumrekebisha, hakikisha kweli ni alama. Mbwa mzima hutoa takriban mililita 20 hadi 40 za mkojo kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani yule wa kilo 20 hutoa kati ya mililita 400 na 800. Alama moja mara nyingi haifiki kijiko cha chai, na iko juu ya ukuta, mguu wa meza au mfuko wa mchele. Ukikuta dimbwi katikati ya sakafu, huyo hakutolewa nje kwa wakati. Mtoto wa mbwa anayejikojolea ukimwinamia kumsalimia anaonyesha unyenyekevu, ukimkemea atazidi.

Sasa usafi, na hapa ndipo nyumba zetu zina tabu yake. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa una vinyweleo vingi. Mkojo huzama, hukauka, watu wakasahau. Masika yakiingia ukuta unavuta unyevu, harufu inarudi, na mbwa anarudi nayo. Ushauri wa kumwagia siki unafaa kwa vigae vya kauri vya sakafuni, nusu siki nusu maji. Usiuweke kwenye chokaa: siki ni asidi, itachemka povu na kula plasta. Klorini ya kufulia nayo usiimwage juu ya mkojo mbichi wala kuichanganya na siki, maana hutoa hewa inayochoma mapafu. Dawa za kusafishia zenye amonia ndizo mbaya zaidi kwa kazi hii, kwani kwa pua ya mbwa zinanukia kama mkojo mwengine.

Tafuta kwanza madoa yote. Tochi ya mwanga wa zambarau, ile wanayokagulia noti madukani, ikimulikwa gizani huufanya mkojo mkavu ung'ae. Fanya hivyo kabla ya kufua, kwa sababu sabuni ya unga nayo hung'aa na itakupoteza. Kausha kwa kitambaa kwa kugandamiza bila kusugua. Kisha tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzaimu) vinavyovunjavunja uchafu, katika maji ya baridi au vuguvugu (maji ya moto huviua), lowesha hadi nje kidogo ya doa, uache robo saa na zaidi, suuza, kausha. Ukuta wa chokaa ukishakauka kabisa, upake chokaa upya.

Kwa mkeka wa kusalia au kanzu, Washafi (Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafi) huosha mara saba, moja kwa maji yenye udongo. Huko kuna kanuni zake. Ila kutwaharisha na kumwondolea mbwa harufu ni kazi mbili: nguo inaweza kuwa twahara kwako na mbwa bado akalisoma tangazo.

Pahala pakishasafishwa, pabadilishe kazi. Mbwa hapendi kukojolea anapokula, basi weka chombo chake cha chakula pale pale kwa wiki mbili tatu. Ndani ya nyumba mfunge kamba uwe nayo mkononi. Akianza kunusa na kuzunguka, mtoe nje bila kelele, na akikojoa huko mpe kipande cha dagaa papo hapo. Kumsugua pua kwenye mkojo uliokwishakauka hakumfundishi kitu zaidi ya kujificha. Uwani mchimbie gogo la mnazi la urefu wa magoti, tia tone la mkojo wake, umpeleke hapo kila asubuhi. Kama kinachomchochea ni mbwa koko wanaopita getini, ziba uwazi kwa makuti asiwaone. Mtaani shika kamba fupi na chupa ya maji ya lita 1; baraza ni mahali pa watu kukaa.

Kuhasi hupunguza alama kwa zaidi ya nusu ya madume, lakini si kwa wote, na matokeo huchukua wiki kadhaa kuonekana. Aliyezoea kwa miaka mingi hubaki na mazoea.

Kinyesi cha ufukweni kiokote hata kama maji yanajaa. Minyoo ya safura ya mbwa huangua mchangani na mabuu yake hupenya ngozi ya mtu aliye peku. Dawa ya minyoo kila miezi 3 ni kipimo cha kawaida kwa mbwa anayezurura.

Jike aliyehasiwa anayevuja akiwa amelala haweki alama, kuvuja huko hutibika. Mkojo wenye damu, au anayekojoa kidogo kidogo kila dakika ndani ya nyumba, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na dume anayejikamua asitoe kitu ni dharura ya siku hiyo hiyo; usingoje kesho.