Jibu: Mama kwenye kiti cha magurudumu, meli ya Piraeus, Santorini na Rhodes

Habari dada, na hongera kwa kumtoa mama. Umesema anamudu hatua chache tu, na matembezi yote yanayouzwa melini yameandikwa "mwendo wa wastani".

Kabla hujalipia lolote, angalia kila bandari: meli inafunga gatini au inatia nanga nje? Santorini hutia nanga. Abiria hushushwa kwa boti ndogo, na bahari ikichafuka wahudumu wanaweza kumkatalia mwenye kiti. Kiti cha betri ndiyo kigumu zaidi. Ukifika nchi kavu, mji wa Fira uko juu ya jabali, unapanda kwa gari la kebo au kwa ngazi zaidi ya 500. Mimi na baba tulibaki sitahani tukakitazama kisiwa, na alifurahi kweli.

Nguvu zako ziweke Piraeus, bandari ya Athens, Ugiriki, maana pale meli inafunga. Akropoli, kilima cha magofu ya kale mjini Athens, ina lifti mpya tangu mwishoni mwa 2020, ila upepo mkali huisimamisha, kwa hiyo mpango wa kwanza uwe makumbusho yake pale chini: kuna lifti na sakafu tambarare.

Rhodes mji wa kale uko karibu na bandari, lakini vichochoro vimetandikwa kokoto zinazomtikisa aliye kwenye kiti. Mpeleke Mandraki, bandari ndogo ya hapo hapo Rhodes, mtembee kando ya maji.

Leo hii iandikie kampuni ya meli uulize: basi la matembezi lina lifti ya kiti, au mama atapanda ngazi mwenyewe? Jibu walitoe kwa maandishi.