Haramia na haki ya mwenzake: maswali yenu kuhusu gemu za kuigiza

Maswali ya safari hii yametoka Tanga mjini, Pangani na Muheza, na karibu yote yanahusu maharamia. Nayajibu kama mchezaji na msimamizi wa michezo ya kuigiza kwa maandishi, ile ambayo kila mtu anashika mhusika wake na hadithi inasonga kwa kupokezana zamu.

Kaka, shikamoo. Mhusika wangu ni haramia. Nikiandika "namkata nahodha mkono, anatumbukia baharini", wenzangu wanasema nawaonea. Kwani haramia asipigane? (Chumbageni)

Marahaba. Apigane, tena sana. Kosa si upanga. Kosa ni kwamba umecheza zamu mbili, yako na ya mwenzako. Mkono wa nahodha ni wa yule anayemwigiza, na yeye ndiye wa kusema kama umekatika, umekwaruzwa au ameuvuta mapema. Wewe andika unachojaribu kufanya, uishie hapo: "Anaruka tezini na kushusha upanga kwenye mkono ulioshika usukani." Nukta. Sasa mwenzako ana la kuamua: auachie usukani chombo kiende mrama, au aung'ang'anie akubali jeraha. Utamu wote uko kwenye uamuzi huo, na ndio uliokuwa unamnyang'anya.

Nahodha naye asijifanye wa chuma. Akikwepa pigo la kwanza, la pili na la tatu, anaivunja kanuni ileile. Kwenye michezo ninayosimamia, watu wakishindwa kuelewana tunarusha dadu, na mhusika hafi mpaka mwenyewe aridhie. Mtu amemlea mhusika wake miezi mingi. Usimzike kwa sentensi moja.

Tunacheza Sea of Thieves, gemu ya maharamia ya mtandaoni. Tunahangaika kutafuta hazina, tukikaribia kuuza tunavamiwa na kuporwa. Hii ni haki kweli? (Ngamiani)

Ni haki. Gemu ile imejengwa hivyo: hazina si yako mpaka uiuze, na kabla ya hapo yeyote anaweza kuibeba. Tangu Desemba 2023 kuna pia bahari tulivu, iitwayo Safer Seas, ambamo hukutani na wachezaji wengine, ila zawadi zake ni pungufu. Ukichagua bahari ya wote, umekubali na maharamia wake.

Lakini kuna mpaka, na ninausimamia kwa moyo wote. Aliyekupora amecheza. Anayebaki palepale kukuua kila unapofufuka, ilhali mali keshabeba, anakukomoa tu. Na anayekutukania mama yako kwenye sauti ametoka kabisa nje ya mchezo. Huyo mripoti, umfungie, usimjibu.

Umeme ulikatika katikati ya mapigano. Niliporudi nikakuta wameandika kwamba nimekimbia kwa woga na meli yangu ni yao. (Muheza)

Wamekuonea. Umeme na bando ni mambo ya mchezaji, hayamhusu mhusika. Kubalianeni kabla ya vita: aliyepotea anasubiriwa muda fulani, asiporudi pambano linalala hadi siku nyingine. Ila kama kuna mtu ambaye umeme wake hukatika kila anapozidiwa, mwambieni wazi. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Tulizika mali kisiwa cha Toten ndani ya mchezo. Mtu akaisoma habari hiyo kwenye chati yetu ya nje, kesho yake haramia wake akaenda moja kwa moja kuchimba. (Sahare)

Muulizeni swali moja tu: mhusika wako amejuaje? Akiweza kuonyesha kwamba haramia wake alimhonga mvuvi, au alikuona ukipiga makasia usiku kuelekea kisiwani, sawa, ameshinda. Kama jibu ni "nilisoma", uchimbaji unafutwa na mali inarudi shimoni. Msilipize kisasi ndani ya mchezo kwa kosa lililofanyika nje yake.

Nahodha wetu anachukua nusu ya ngawira, anasema yeye ndiye mkubwa wa chombo. (Pangani)

Mpeni kanuni za Bartholomew Roberts, haramia aliyeuawa mwaka 1722 kwenye pwani ya Gabon ya leo. Zilichapishwa London mwaka 1724. Nahodha na msaidizi wake mkuu walipata mafungu mawili kila mmoja. Mwongoza chombo, serahangi na mkuu wa mizinga fungu moja na nusu, maofisa wengine fungu moja na robo. Aliyepoteza mguu au mkono alilipwa dola 800 za fedha kutoka mfuko wa wote, na kila baharia alikuwa na kura. Kwenye meli nyingi za aina hiyo nahodha alichaguliwa na aliweza kuondolewa. Neno lake lilikuwa la mwisho wakati wa vita, kwa sababu nahodha wengi chombo huenda mrama. Vita ikiisha, mgawo ni wa chombo kizima. Pigeni kura.

Mhusika wangu alitekwa. Mtekaji akaanza kuandika mambo ya kumdhalilisha kama mwanamke. Nikamwambia aache, akajibu "maharamia ndivyo walivyokuwa". (Raskazone)

Dada, ulipomwambia aache, ndipo palipokuwa mwisho wa hilo. Hakuna mjadala, na msimamizi asiyekulinda hafai kusimamia. Hata hoja yake yenyewe ni dhaifu: kundi la John Phillips, lililofanya uharamia mwaka 1723 na 1724, lilikuwa na kanuni kwamba atakayemgusa mwanamke mwenye heshima bila ridhaa yake, atauawa papo hapo. Lakini hata kama historia ingekuwa upande wake, anayesoma maneno yale ni wewe, mtu hai, na umekataa. Toka kwenye onyesho hilo. Mhusika wako ahesabiwe ametoroka, wala huna deni la kueleza.

Lazima maharamia wetu wawe wa Karibi? Tunataka kuwaleta pwani yetu. (Tanga mjini)

Waleteni, bahari hii iliwajua. Kisiwa cha Sainte-Marie, Madagascar, kilikuwa ngome yao, na mwaka 1695 haramia Henry Every aliiteka Ganj-i-Sawai, meli ya dola ya Wamughali wa India iliyobeba mahujaji. Jambo moja lijadiliwe kabla ya kuanza: mkihamia karne ya 19, Pangani na Bagamoyo zilikuwa mwisho wa njia za misafara, na vyombo vilibeba watu waliofanywa watumwa. Watu hao wasihesabiwe kama ngawira kwa sababu tu mtu anataka pointi. Mezani panaweza kuwa na mjukuu wao.

Halafu upepo uwe mmoja kwa wote. Januari kaskazi inavuma, kwa hiyo haramia anayetoka Tanga kwenda Lamu hawezi kufika kwa wepesi anaoutaka yeye. Pangeni uvamizi uwe Julai, kusi iwasukume. Mkishapora, safari ya kurudi na mzigo ni ya kupiga bisho dhidi ya upepo, na watu wa Lamu wapewe zamu zao zote za kuwafukuza.