Mwalimu, Mia Tano Haifiki Jumatano

Wiki hii maswali yametoka kwa wanafunzi. Nimeyajibu kama nilivyozoea kuyajibu darasani.

*Mama hunipa shilingi 500 kila Jumatatu. Jumatano zimeisha. Nakosea wapi? (Umoja)*

Nauli kwanza. Kama ni 50 kwenda na 50 kurudi, siku tano zimemaliza mia tano yote, na ile soseji ya smoki umeila kwa nauli ya Alhamisi. Andika matumizi ya siku tatu, hata peremende ya shilingi kumi. Kila unachonunua, gharama yake ni kile ulichokiacha. Lakini kama nauli pekee inamaliza pesa, hukosei popote: mwonyeshe mama karatasi hiyo.

*Sina kazi. Je, nalipa kodi? (Kayole)*

Unalipa. Sabuni ya shilingi 116 inayotozwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 ina shilingi 16 za serikali ndani yake. Tazama chini ya risiti ya supamaketi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka hata mkate utozwe, watu wakapiga kelele, pendekezo likaondolewa. Kwa hivyo ukiuliza pesa za umma zimeenda wapi, unaulizia zako. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

*Kaka yangu alikamatwa Ijumaa jioni, akafikishwa kortini Jumatatu. Si sheria inasema saa 24? (Dandora)*

Inasema, ila Kifungu cha 49 cha Katiba kina mlango wa nyuma: saa 24 zikiisha korti imefungwa, polisi wana hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana mkamatwa wa Ijumaa jioni huijua sakafu ya seli vizuri. Hata hivyo alistahili kuambiwa kosa lake mara moja, kwa lugha anayoielewa, kunyamaza akitaka, na kuwasiliana na wakili. Kama hajafika miaka 18, kumzuilia kunapaswa kuwa hatua ya mwisho kabisa, tena mbali na watu wazima.

*Nikiwa na miaka 17 naweza kupiga kura?*

La. Ngoja 18, kisha ukajiandikishe.

*Rafiki yangu wa dawati anasema amechoka kuishi. Juzi alinipa kalkuleta yake, akasema hataihitaji. Nikimwambia mwalimu, atakamatwa? (Kariobangi)*

Hatakamatwa. Kusema hivyo si kosa. Hata kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, lakini Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Hiyo kalkuleta imenitia hofu kuliko maneno yake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Msikilize, usimhubirie. Hata kama alikuapisha, siri hii usiitunze: mwambie leo mwalimu unayemwamini, au mzazi wake. Namba 116 ya watoto na 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Akielekezwa Mathari, hospitali ya afya ya akili, asione haya. Sisi tulipokuwa wadogo jina hilo lilikuwa tusi, na tulikuwa wajinga; ni hospitali.

Kama yuko karibu nawe sasa, acha kusoma, nenda ukakae naye mpaka mtu mzima afike.